Mkwe wa Mama Alipovimba Ubongo

Mume wangu na mama yangu waliheshimiana kiasi kwamba, tangu nilipoolewa, sidhani kama walikuwa wamewahi kutazamana usoni. Kwetu Waluo mama mkwe ni kama moto: mkwe hukaa kando akaota joto, hausogelei. Hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa baina yao. Mama alipotaka kumwambia jambo alinituma mimi. Nisipokuwepo, alimtumia kuku.

"Wewe kuku," ningemsikia akisema uani, "waambie wageni chakula kiko tayari."

Na mume wangu, akiwa amekazia macho ukuta, angemjibu yule kuku kwa adabu zote: "Mwambie Mama tunashukuru sana."

Sisi tuliishi Migori mjini. Yeye alifundisha useremala katika chuo cha ufundi, nami nilifundisha darasa la pili. Mama alikuwa Kosele, akiuza njugu sokoni. Likizo moja ya Aprili, katikati ya miaka ya tisini, tulikwenda kumtembelea nikiwa na mimba yangu ya kwanza, tumbo limenitangulia kila mahali. Ilikuwa mvua juu ya mvua, na paa la Mama lilikuwa linavuja. Kitanda chake kilikuwa kimehamahama chumbani kama mfugaji anayetafuta malisho, kikikimbia matone.

Mume wangu hakuweza kuvumilia. Seremala mzima, halafu mama mkwe analala na sufuria kifuani!

"Mwambie mume wako," Mama akaniambia, huku mume wangu mwenyewe akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwetu, "mkwe hapandi paa la mama mkwe. Kuna fundi hapo sokoni, atakuja."

"Mwambie Mama sitapanda paa," mume wangu akasema. "Nitasimama kwenye ngazi. Ngazi si paa."

Mama akafikiri kidogo. "Mwambie angesomea uwakili," akasema, akaingia jikoni na kufunga mlango ili asishuhudie.

Ngazi aliiunda mwenyewe kwa miti ya mkaratusi, nayo ilikuwa ngazi nzuri. Kasoro haikuwa ya ngazi bali ya ardhi. Udongo ulikuwa umelewa maji, na alipokuwa amefika juu na msumari midomoni, mguu mmoja wa ngazi ulizama taratibu kama mtu anayepiga goti kanisani. Akaja chini kwa mgongo. Kisogo chake kikafikia lile jiwe tulilonolea panga.

Mlio wake siusahau. Lakini yeye aliinuka hapo hapo, akajipangusa suruali, akapapasa nundu iliyokuwa inachomoza, akacheka. Akaomba chai. Nikampa, akainywa yote, akaweka kikombe chini.

"Chai iko wapi?" akauliza.

Nikadhani ananitania. Nikamwonyesha kikombe. Akakitazama, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, kisha akauliza tena: "Sasa hii chai italetwa saa ngapi?"

Mama akatoka jikoni na kitambaa kilichoroweshwa maji baridi, anikabidhi nimkande nacho. Ndipo mume wangu alipoinua kichwa, akamtazama mama mkwe wake machoni, wazi kabisa, akatabasamu.

"Maro," akamwita kwa Kijaluo, yaani mama mkwe, "kumbe wewe ni mrembo hivi? Binti yako ameambulia pua tu. Hebu njoo ukae hapa karibu nami."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na tumbo langu. Mama hakukasirika. Kitambaa kilimwanguka, akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mwanangu, huyu mtu ni mgonjwa vibaya. Tafuta gari."

Jirani mmoja alikuwa na pikapu ya kubebea omena, wale dagaa wa ziwani. Tukampakia nyuma juu ya magunia matupu, kichwa chake mapajani mwangu, au tuseme pale mapaja yangu yalipokuwa yamebakia. Mama akaketi mbele na dereva, maana hata siku kama hiyo asingeweza kuketi nyuma na mkwe aliyelala chali. Njiani akatapika mara kadhaa. Kisha akaanza kusinzia, na nilipomtikisa alinijibu kwa maneno yasiyo na mwisho. Tulipofika hospitali ya misheni, upande wa Homa Bay, hakunijibu tena. Alikuwa anakoroma kwa namna ambayo si ya usingizi.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Meru, mwenye tochi kubwa kupita mkono wake. Alimmulika mume wangu jicho hili, akamulika lile, akarudia. Akambana kucha kwa kalamu kuona kama atavuta mkono. Kisha akauliza nini kilitokea na alianza lini kubadilika.

Nikaeleza ngazi, nikaeleza jiwe, nikaeleza chai. Mama akanigusa kiwiko.

"Mwambie na ile ingine," akasema.

"Ipi ingine?" daktari akauliza.

Nikasita. Mama akaona nitachelewesha matibabu kwa haya zangu, akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Daktari, hii kijana ilinitongoza."

Daktari aliuma mdomo. Muuguzi wa wodi, mama mnene tuliyemwita Sista, akageuka upande kukagua ukuta. Lakini daktari aliandika jambo, akatuambia kwamba kubadilika tabia namna hiyo baada ya kugongwa ni dalili ya maana, na tumefanya vyema kuja upesi.

Kisha akatueleza. Ubongo ukigongwa huvimba, kama kidole kilichobanwa na mlango. Tofauti ni kwamba kidole kina nafasi ya kuvimba, ubongo hauna. Fuvu ni kama sufuria iliyofungwa kifuniko kwa waya. Uvimbe ukizidi, ubongo unajibana wenyewe, na mboni moja ya mume wangu ilikuwa imeanza kuchelewa kuitikia mwanga. Picha ya kichwa ingepigwa Nairobi, labda Kisumu kama mashine ilikuwa nzima. Hapo alikuwa na tochi tu.

"Na dawa," akasema. "Nina dawa moja ya kuvuta maji kutoka kwenye ubongo. Ikimtuliza, tutapata nafasi. Isipomtuliza, itabidi aende kufunguliwa kichwa Kisumu, barabara ikikubali."

Sista akaleta chupa. Nikaitazama: chini kulikuwa na chembe nyeupe zimegandamana, kama sukari kwenye asali ya zamani.

"Hii imeharibika," Mama akasema papo hapo. Mtu aliyeuza njugu maisha yake yote haoneshwi bidhaa iliyovunda.

"Haijaharibika, Mama. Ni baridi ya mvua," Sista akajibu. "Hii ni manitoli. Ni jamaa ya sukari. Ikipata baridi inaganda, ukiipasha moto inayeyuka." Akaiweka chupa kwenye beseni la maji ya moto, akawa anaizungusha polepole kama mtu anayemwogesha mtoto, huku sisi tumemkodolea macho na mume wangu anakoroma. Sijawahi kuona maji yakichukua muda mrefu hivyo kuyeyusha kitu. Zile chembe zilipokwisha zote, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua, akaiacha ipoe kidogo, ndipo ikafungwa kwenye mpira wa mshipani.

Kichwa cha kitanda kiliinuliwa kwa vipande vya mbao. Mume wangu, fundi wa mbao, angevikosoa: havikulingana. Akawekwa pia mpira wa mkojo, na mwisho wa mpira ukaning'inizwa mfuko wenye alama za vipimo ubavuni.

"Haya," daktari akasema, "hii dawa kazi yake inaonekana hapa. Inavuta maji kutoka kichwani, inayapeleka kwenye damu, figo zinayatoa. Mfuko ukijaa lazima umwagwe, na kila mara lazima nijue kiasi gani kimetoka, ili nirudishe maji kiasi kwa dripu. Akikauka kupita kiasi, figo zitagoma."

Wodi nzima ilikuwa na Sista mmoja. Alinitazama mimi, akatazama miguu yangu. Nayo ilikuwa imevimba, viatu vimenibana kama samaki kwenye mkebe.

"Wewe huinami," akaamua. "Keti hapo, weka miguu juu. Katika familia hii kila kitu kimevimba." Akamgeukia Mama. "Mama, utasaidia kumwaga."

Nilimwona Mama akigeuka rangi. Mkojo wa mkwe! Afadhali angeambiwa abebe simba mgongoni.

"Sista," akasema kwa upole, "mimi ni maro ya huyu."

"Mimi najua," Sista akajibu; naye alikuwa Mjaluo. "Lakini mfuko haujui."

Basi Mama akavua leso yake ya pili, ile ya mabegani, akaifunga kutoka mguu wa kitanda hadi kwenye kiti, ikawa pazia. Upande wa juu wa pazia kulikuwa na mkwe. Upande wa chini kulikuwa na mfuko, peke yake, hauna mwenyewe. Akaketi kwenye kigoda akimpa mkwe kisogo na kuusubiri mfuko kama mtu aliyetega panya.

Hakusubiri sana. Manitoli ilianza kazi, na mfuko ukaanza kunenepa mbele ya macho yetu. Mama akaumwaga kwenye jagi la kupimia, akamsomea Sista kiasi, akarudisha. Ukajaa tena. Akamwaga tena.

"Daktari!" akaita, akiwa amesahau kunong'ona. "Hii maji yote ilikuwa kwa kichwa?"

Wodi ikacheka. Mzee mmoja aliyefungwa plasta mguu alicheka mpaka akaomba ashikwe. Daktari akaja kueleza kwamba hapana, ya kichwani ni kidogo tu, mengine ni ya mwili mzima. Mama akaonyesha ile chupa ya dripu iliyokuwa ikidondoka upande wa pili.

"Sasa mnatoa maji huku, mnaweka maji huku. Si mngeacha tu ile ya kwanza?"

"Ya kwanza ilikuwa imekaa mahali pabaya, Mama."

Mama akalipima jibu hilo. "Kama matatizo ya watu," akasema, akarudi kwenye kigoda chake.

Mimi nilicheka pamoja nao, lakini mkono wangu ulikuwa umeshika mkono wa mume wangu chini ya shuka, na ulikuwa mzito kama mkono wa mtu mwingine. Kila daktari alipokuja na tochi niliacha kupumua. Kabla ya jioni aliniita nitazame mwenyewe. Akamulika jicho moja, mboni ikajikunja. Akamulika la pili, lile lililochelewa. Likajikunja pia, kwa uvivu, lakini likajikunja. Na kule kukoroma kulikuwa kumelegea, kukawa kupumua.

"Bado," akaniambia kabla sijafurahi. "Dawa ikiisha nguvu, uvimbe unaweza kurudi. Tutamwangalia."

Kulikuwa na afisa tabibu kijana aliyeuliza kama wampe pia sindano ya deksamethasoni, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa chuoni: mgonjwa wa kichwa hupewa. Daktari akakataa. Alisema ile ni nzuri kwa uvimbe unaozunguka kijinundu cha ugonjwa, lakini kwa kichwa kilichogongwa yeye hajaona faida yake, na wataalamu wenyewe wanabishana. Waliongea mbele yetu bila hasira, kama watu wanaobishania njia ya mkato. Sikujua nimtakie nani ushindi. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba ubishi ule uliisha, na sindano ile haipewi tena watu waliogongwa kichwa.

Kesho yake asubuhi akafika shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ametoka Migori na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Akamtazama mdogo wake, akatazama chupa, akatazama pazia la leso na Mama nyuma yake, akashtuka, akatazama dari.

"Shemeji," akaniambia, "nimeleta gari. Tunampandisha milimani kwa Wakisii. Kuna mafundi wa kichwa kule. Wanapasua ngozi, wanakwangua mfupa, damu mbaya inatoka, mtu anaamka. Nimewaona watu waliopona."

Hakuwa anatunga. Mafundi hao walikuwepo, na sote tulimjua mtu mwenye kovu kichwani aliyewasifu. Nikamwangalia daktari nikidhani atawacheka.

"Wana mikono thabiti," daktari akasema. "Lakini huyu mfupa wake haujavunjika, nimeupapasa. Kinachomsumbua ni uvimbe wa ndani, na dawa imeanza kuupunguza. Ukimtikisa kwenye barabara hiyo sasa, sijui utafika na nani."

Shemeji akapumua kwa nguvu. "Daktari, nakuheshimu. Lakini mgonjwa ni wetu. Na alianguka kwa watu."

Neno hilo, *kwa watu*, lilianguka wodini kama sahani. Maana yake ilikuwa kwa Mama. Pazia likatikisika. Mama akasimama, jagi mkononi, na likiwa limejaa. Huyu naye alikuwa mkwe kwake kwa heshima, mtu ambaye angepaswa kumtumia kuku. Hapakuwa na kuku.

"Baba," akamwambia moja kwa moja, kwa Kijaluo, "kichwa hiki kilianguka kwangu. Nilimkataza, hakusikia, lakini kilianguka kwangu. Tangu jana namwaga mkojo wa mkwe wangu. Mambo ambayo mama yangu angenikana kwa ajili yake, nimeyafanya mbele ya wodi nzima. Ukimwondoa leo, nitakuwa nimeyafanya bure." Akanyoosha jagi. "Au shika wewe, ni ndugu yako."

Shemeji alilitazama jagi. Ni mtu mkubwa, aliyewahi kumkamata fahali kwa pembe mnadani Ndhiwa. Akarudi nyuma hatua.

"Tungoje kidogo," akasema.

"Tungoje," Mama akakubali, akaenda kumwaga.

Chupa nyingine ikapashwa moto, ikatundikwa. Adhuhuri mume wangu alianza kuvuta mkono alipobanwa kucha, kisha kumtukana anayembana. Nilifurahia tusi lile kama wimbo. Alasiri nilikuwa nimesinzia kitini, miguu juu ya sanduku, nikasikia Mama akipiga kigelegele kimoja kikali na kukikatiza katikati.

Alikuwa ameinamia mfuko, leso imemteleza, naye mume wangu amefungua macho. Walitazamana. Akamtambua. Akatambua mfuko. Akafuata ule mpira kwa macho, kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, juu ya godoro, mpaka ulikoishia. Kisha akavuta shuka taratibu akajifunika uso mzima.

"Amerudi!" Mama akasema, machozi yanamtiririka huku anacheka. "Sista, njoo! Ameona haya!"

Daktari alikuja akamuuliza yuko wapi na leo ni siku gani, naye akajibu kutoka chini ya shuka, siku akaikosea. Hakukubali kujifunua mpaka Mama alipotoka nje. Shemeji alitoka naye. Niliwaona dirishani wamesimama kwenye veranda, kila mmoja anaitazama mvua upande wake, mtu na heshima zake.

Hakupona kama taa inavyowashwa. Kisumu hakwenda tena, na manitoli ikasimamishwa, lakini kwa miezi kadhaa kichwa kilimuuma jua lilipokuwa kali, akasahau maneno madogo, akaita nyundo "ile ya kupigia". Alikuwa mwepesi wa hasira, yeye ambaye hakuwahi kuwa nayo. Chuoni walimpa kazi ya stoo kwanza, mbali na misumeno. Paa la Mama lilizibwa na yule fundi wa sokoni. Ilipofika zamu ya kusafisha yaliyotokea baina ya mkwe na mama mkwe, wazee wa pande zote mbili walichinja mbuzi, wakala, wakasema yaliyofanyika kwa ajili ya uhai hayana laana. Mama alisema mbuzi alikuwa mgumu.

Jambo moja halikurudi kabisa. Tuliligundua siku niliposahau maharage jikoni yakaungua mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji, ilhali mume wangu ameketi pale pale mezani anasoma gazeti. Pua yake ilikuwa imekufa. Daktari alipotuona tena alisema hutokea: vile vineva vyembamba vya kunusa hukatika kichwa kikitikisika, na dawa yake hana.

Aliomboleza pua yake kwa wiki nzima. Chakula kwake kikawa chumvi, sukari, pilipili na moto. Kisha mtoto wetu akazaliwa, msichana, na mume wangu akagundua kwamba ana kipaji ambacho hakuna baba mwingine Migori alikuwa nacho. Nepi yoyote, ya aina yoyote, aliifungua akipiga mluzi. Aliziloweka, akazisugua, akazianika kwenye waya zikiwa zimenyooka kwa usawa wa kiseremala. Majirani wanawake walikuja kushuhudia. Waume zao walinisihi nimkanye, anawaharibia nyumba.

Asubuhi moja nilimkuta amemshika mtoto aliyetoka kuogeshwa, amezamisha pua utosini mwake, anavuta pumzi kwa nguvu, mara moja, mara nyingine. Akaniona, akamshusha kidogo.

"Ananukiaje?" akaniuliza.

Nikamchukua mtoto, nikamnusa kwa makini, maana sikuwa nimewahi kuulizwa.

"Maziwa," nikasema. "Na sabuni. Na kitu kama mkate unapoanza kuiva, kabla haujawa mkate."

"Endelea," akasema, akavuta kiti.